Viti vinane vitupu kutoka Arua

Swali: "Mhandisi, habari za kazi. Mimi nanunua asali na simsim Arua, nauza Kampala. Mwezi uliopita wafanyabiashara 15 tulichanga pesa, tukakodi ndege ndogo ya injini mbili, ile ya mapanga, yenye viti 19. Asubuhi tulipanda wote pale Entebbe. Tuliporudi, saa nane mchana, rubani alichukua watu 11 tu. Wanne tulibaki Arua, pamoja na madumu yangu mawili ya asali, na viti vinane vikaruka vitupu. Nilirudi kwa basi usiku. Karibu na mlango niliona kibati: L-410, imeundwa 1989. Je, ndege hiyo imechoka, ndiyo maana haibebi? Ilitoka wapi? Na rubani alikuwa na haki kutuacha?"

Dada yangu, pole sana kwa usiku ule barabarani. Najua umbali huo, karibu kilomita 500, na najua kuona kiti kitupu dirishani huku wewe umeachwa na mzigo wako kunaumaje. Lakini nakujibu bila kuzunguka: rubani alikuwa na haki, na mwaka wa 1989 haukuhusika. Hata angekuja na ndege kama hiyo iliyotoka kiwandani wiki ile, kwa saa ile, jua lile na mzigo ule, angewaacha.

Hadithi ya ndege yenyewe inaeleza nusu ya jambo hili, kwa hiyo naanzia huko.

L-410, ambayo waundaji waliipa jina la Turbolet, ilitoka Kunovice, mji mdogo katika nchi iliyokuwa Chekoslovakia. Kiwanda kiliitwa Let. Kazi ya kuichora ilianza 1966, ikiongozwa na mhandisi Ladislav Smrček. Wakati huo viwanja vidogo vya Ulaya ya Mashariki vilihudumiwa na Antonov An-2, ndege ya injini moja ya pistoni yenye bawa juu na bawa chini. Ilikuwa imara sana, lakini ilikwenda polepole, na injini yake ikizimika rubani hana ya pili. Wacheki walitaka ndege itakayofika vijijini kama An-2, ikiwa na injini mbili za turbini.

Iliruka mara ya kwanza tarehe 16 Aprili 1969. Injini ya nyumbani, M601 ya kiwanda cha Walter, ilikuwa haijawa tayari, wakaazima PT6 za Kanada, na ndege za mwanzo zilizoanza kubeba abiria 1971 zilikuwa na injini hizo. M601 ilikuja baadaye. Zote mbili ni za ukoo mmoja kwa namna zinavyofanya kazi: hewa huingia kwa nyuma ya injini, inasukumwa mbele huku ikibanwa, inachanganywa na mafuta na kuwashwa, kisha gesi ya moto inazungusha magurudumu mawili ya turbini. Gurudumu la kwanza linaendesha sehemu inayobana hewa. La pili liko peke yake, halikuunganishwa na lile kwa chuma chochote, na ndilo linalozungusha mapanga kupitia giaboksi. Ndiyo sababu bomba za moshi za ndege hizi utaziona mbele, karibu na mapanga, mahali ambapo mtu hatarajii.

Mteja mkubwa alikuwa Umoja wa Kisovyeti, na mteja huyo alikuwa na masharti magumu. Viwanja vyake vingi vilikuwa vya nyasi na udongo, vifupi, kwenye baridi kali au joto kali. Kwa ajili yake Let walitengeneza aina mpya iliyoruka mara ya kwanza tarehe 1 Novemba 1977: mabawa yakaongezwa urefu, mwili ukarefushwa karibu nusu mita, mkia ukawa mkubwa zaidi. Wakaiita UVP, herufi za Kirusi zenye maana ya kuruka na kutua kwa umbali mfupi. Mwishoni mwa 1984 ikaruka UVP-E, yenye injini za nguvu za farasi 750 kila moja, mapanga matano kwa kila injini badala ya matatu, matangi ya ziada kwenye ncha za mabawa, na nafasi ya abiria 19. Ikiwa kibati ulichoona kinasema 1989, karibu hakika ni hiyo UVP-E mliyopanda.

Hiyo namba 19 nayo ina sababu yake. Katika sheria za nchi nyingi, ndege ya abiria ikizidi viti 19 lazima iwe na mhudumu ndani. Ndiyo maana ndege nyingi za daraja hili, Twin Otter ya Kanada, Dornier 228 ya Ujerumani, Beech 1900 ya Marekani, zimesimama pale pale. Namba ile inahesabu makalio, dada. Haisemi lolote kuhusu kilo.

Zilijengwa zaidi ya 1,100, na zaidi ya 800 zilikwenda kwa Wasovyeti. Umoja ule ulipovunjika 1991, mteja akatoweka ndani ya mwaka mmoja. Mamia ya ndege zilizokuwa bado na maisha marefu mbele yake zikauzwa kwa bei nafuu, na nyingi zikaja Afrika: Sudan, Kongo, Kenya, hapa kwetu. Hivyo ndivyo ndege iliyochorwa kwa ajili ya Siberia ilivyofika West Nile, eneo la Arua, na kwa kweli ilikuta viwanja inavyovijua. Bawa liko juu ya mwili, kwa hiyo injini na mapanga viko mbali na mawe. Magurudumu makuu yanajikunja ndani ya vifuko vya ubavuni, na tairi zake ni pana, zenye upepo kidogo, haziogopi changarawe. Jeti ya abiria 76 kama CRJ900 za Uganda Airlines inataka lami ndefu iliyofagiliwa. Ukiipeleka kwenye uwanja wa udongo wa Kidepo umeiua. Tena kwa safari ya saa moja na kidogo, jeti inatumia mafuta mengi kupanda juu, halafu mara inaanza kushuka.

Sasa tuingie kwenye viti vyako vitupu.

Watu wengi wanadhani injini mbili maana yake moja ikizimika, nyingine inaendelea na safari kama kawaida. Jambo hilo lina sharti, na sharti ni uzito. Injini moja ikifa wakati wa kuruka, ndege haipotezi nusu ya uwezo wake wa kupanda. Inapoteza karibu wote. Nguvu nyingi za injini hizo mbili zinaliwa na kazi ya kuishikilia ndege hewani tu, na kupanda kunafanywa na kile kinachobaki. Ukiondoa injini moja, kinachobaki ni kiduchu, na pengine hakipo kabisa ikiwa ndege ni nzito na hewa ni nyepesi.

Wacheki walilifikiria sana hilo. Injini ikizimika wakati wa kuruka, mapanga yake yanajigeuza yenyewe, makali yakaelekea mbele, ili yasikamate upepo kama mlango uliofunguliwa. Halafu kuna kitu ninachokipenda sana katika ndege hii. Juu ya kila bawa kuna kibao chembamba, kimelala. Injini ya kushoto ikifa, ndege inataka kuegemea kushoto, kwa sababu bawa la kulia bado linapulizwa na mapanga yake na linanyanyuka. Hapo kibao cha bawa la kulia, upande wa injini iliyo hai, kinainuka chenyewe na kupunguza unyanyuaji wa bawa hilo, ndege isilale ubavu kabla rubani hajamaliza kushtuka. Nimewaonyesha vijana kibao hicho mara nyingi sana, na kila mara nawaambia wakiguse kwa mkono: chuma kidogo kama ubao wa kukatia mboga, kilichowekwa pale kwa ajili ya sekunde chache ambazo tunaomba zisije.

Lakini kibao hakiongezi nguvu. Nguvu inategemea hewa, na hewa ya Arua saa nane mchana si ile ya asubuhi.

Arua iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Kwa kipimo tunachotumia katika hesabu za anga, hewa ya urefu huo inatakiwa iwe na joto la nyuzi 7 tu. Kila nyuzi moja inayozidi hapo inaifanya hewa iwe nyepesi kama vile umeupandisha uwanja kwa mita 36 hivi. Asubuhi na mapema, kukiwa na nyuzi 19, zimezidi 12, na ndege inaona kama inaruka kutoka mita 1,600 na kitu. Saa nane mchana, nyuzi 32, zimezidi 25, na uwanja ule ule unakuwa kama uko mita 2,100. Umelala Arua, umeamkia mlimani zaidi ya Kisoro, na hujatoka kitandani.

Hewa nyepesi inaumiza mara tatu. Bawa linanyanyua kidogo, kwa hiyo ndege inahitaji mbio ndefu zaidi. Panga linauma hewa kidogo. Na injini inapata hewa kidogo ya kuunguza mafuta huku ikiwa tayari ina joto. Ukikaa chumba cha rubani siku ya baridi, anaposukuma mikono ya injini mbele, sindano inayofika kwanza kwenye mstari mwekundu ni ile ya nguvu. Siku ya joto, ile ya joto la turbini inatangulia, na rubani analazimika kuacha pale pale, nguvu ikiwa haijatimia. Mkono una nafasi ya kusonga bado, lakini akiusukuma anaunguza visu vya turbini.

Ndiyo maana kitabu cha ndege kina majedwali: urefu wa uwanja, joto, na uzito ambao bado utaiwezesha ndege kupanda kwa injini moja. Karatasi ya ndege yenu sikuiona, kwa hiyo nakufanyia hesabu ya mfano. UVP-E inaruhusiwa kuruka na kilo 6,400, hapo mambo yote yakiwa mazuri. Tuseme jedwali la saa nane linampa rubani kilo 6,000. Ndege yenyewe na viti vyake tuiweke kilo 4,150. Marubani wawili na mikoba yao, 170. Mafuta ya kurudi Entebbe na akiba ya kuzunguka au kwenda kwingine kama ziwa limefunikwa na mvua, 520. Jumla 4,840. Zimebaki 1,160 kwa ajili yenu na asali yenu. Mtu wa kilo 75 na mzigo wa 30 ni 105. Watu 11 ni 1,155.

Zimebaki kilo tano. Wa kumi na mbili ataingia wapi?

Asubuhi mlikwenda mikono mitupu, mkiwa na mikoba ya bega, na pale Entebbe hewa ilikuwa ya baridi na njia ya kurukia ina urefu wa zaidi ya kilomita tatu na nusu. Ndege ni ile ile. Kilichobadilika ni mizigo na hewa.

Nitakueleza kwa nini nalisema hili kwa uchungu. Miaka mingi iliyopita, nikiwa fundi kijana niliyetoka chuo cha Soroti, nilitumwa kwenye uwanja mmoja wa kaskazini kuiangalia ndege ya daraja hili, si L-410. Kampuni na uwanja nitaviacha bila jina. Wapakiaji walikuwa wanajaza chumba cha nyuma magunia ya samaki wakavu, na karatasi ilisema magunia sita. Mimi nilikuwa nimechuchumaa mbele, nafuta vumbi kwenye mguu wa gurudumu la pua. Mguu ule una chuma king'aavu kinachoingia na kutoka kama pampu ya baiskeli, na kwa kawaida kinaonekana upana wa vidole vinne. Nilipokuwa nafuta, kikaanza kutoka. Vidole vitano. Sita. Kiganja kizima. Pua ilikuwa inainuka mbele ya macho yangu, polepole, bila sauti. Nikapiga kelele. Tulipofungua nyuma, magunia yalikuwa 11, matano yalikuwa ya ndugu na marafiki. Rubani alipoyaona alikaa chini kwenye nyasi, akanyamaza muda mrefu.

Uzito una kiasi chake, na una mahali pake. Ukizidi nyuma, pua inainuka hewani, bawa linapoteza hewa, na rubani hana usukani wa kutosha kuirudisha. Tarehe 25 Agosti 2010, L-410 ilianguka ikielekea kutua Bandundu, huko Kongo. Watu 20 kati ya 21 walikufa. Aliyenusurika alisimulia kwamba mamba aliyefichwa kwenye begi alitoka, abiria wakakimbilia mbele wote kwa pamoja, na ndege ikapoteza mizani. Kwa hiyo mhudumu akikuhamisha kiti ilhali kuna viti vingi vitupu, usimnunie. Anaipanga ndege.

Sasa umri. Ndege haizeeki kama gari. Tunahesabu saa ilizoruka, idadi ya mara ilizoruka na kutua, na miaka, kila kimoja peke yake, na kila sehemu ina daftari lake. Injini inavuliwa ikifika kikomo chake hata kama inanguruma vizuri. Mapanga yana kikomo chake, miguu ina chake. Ndege ya 1989 inaweza kuwa na injini zilizofanyiwa matengenezo makubwa mwaka jana. Na ndege ya juzi iliyolala mwaka mzima kwenye unyevu wa kando ya ziwa, bila mtu kuigusa, mimi siipandi.

Kazi ya kila siku ni ndogo ndogo na ya subira. Hapa Entebbe visubi vya ziwani vinaingia kwenye injini kwa maelfu, na vumbi la kaskazini linaganda juu ya visu vinavyobana hewa, kwa hiyo tunaosha injini kwa maji ikizungushwa bila moto. Baada ya kila safari ya uwanja wa changarawe, fundi anapitisha kidole kwenye makali ya kila panga, kumi kwa jumla. Akihisi kidonda cha jiwe, hata kidogo kama punje ya mtama, anachukua tupa laini na kukisugua taratibu mpaka ukucha usinase. Kidonda kikiachwa kinakuwa ufa, na panga linalozunguka zaidi ya mara elfu moja kwa dakika halisamehe ufa. Kikipita kipimo kilichoandikwa, panga linavuliwa. Ukimwona fundi anapapasa mapanga hivyo, kaa utulie, uko mikononi mwa mtu anayejua kazi.

Vipuri pia bado vipo, kwa sababu kiwanda hakikufa, ingawa kiliyumba. Wamarekani wa Ayres walikinunua 1998, kikafilisika muda mfupi baadaye. Warusi wakaingia 2008. Tangu 2022 kimerudi mikononi mwa Wacheki, kampuni ya Omnipol. Kazi ya injini za Walter ilinunuliwa na General Electric mwaka huo wa 2008, wakaiboresha M601 ikawa familia ya H80. Aina mpya ya ndege, L-410 NG, iliruka mara ya kwanza Julai 2015, ikiwa na bawa jipya lenye nafasi kubwa ya mafuta. Ukiitazama kwa mbali utasema ni ile ile mliyopanda.

Kabla ya kukodi tena, muulize mwenye ndege mambo mawili. Kama ana cheti cha biashara ya anga kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda, na kama kuna marubani wawili. Akikasirika kwa kuulizwa, tafuta mwingine. Na mtu akikuambia "tutawabana, mtaenea wote," huyo ndiye wa kumkimbia, kwa sababu amekuuzia kiti huku akikunyang'anya injini ya pili.

Usirudi kwenye basi kwa sababu ya siku ile. Badilisha saa. Nunueni asali jana yake, mlale Arua, mruke saa moja asubuhi kabla jua halijashika. Kwa joto lile la asubuhi jedwali hilo hilo litampa rubani kilo nyingi zaidi, na huenda mkaenea wote 15. Mkikwama bado, tumeni mizigo kwa lori la usiku, ninyi mpande na mikoba.

Jambo la mwisho ni madumu yako. Nina hakika uliyaandikisha kilo 20 kila moja, kwa kuwa ni ya lita 20. Asali ni nzito kuliko maji: lita 20 ni karibu kilo 28. Mawili ni 56, na wewe uliandika 40. Wenzako nao wakifanya hivyo, watu 11, kuna kilo zaidi ya 170 ambazo rubani hazijui, sawa na marubani wengine wawili waliojificha ndani ya ndege. Yapeleke kwenye mizani mapema, mbele ya macho yako, na uandike 28.